Matairi ya Barafu kwenye Njia ya Mkwajuni

Alhamisi, 20 Shaaban. Bagamoyo. Joto zito tangu asubuhi, mawingu yamejipanga upande wa bara na bado hayajaamua. Mimi nimekasirika. Naliandika neno hilo mwanzo kabisa, nisije nikajifanya mtulivu huko mbele.

Chanzo ni matairi manne. Yako barazani hivi sasa, yamepangwa moja juu ya jingine, na kuku wa jirani ameshapanda juu kana kwamba yaliletwa kwa ajili yake. Ni mazuri kuyatazama. Yana kashata nene, yaani vile vipande vya mpira vinavyosimama na kushika ardhi, na kila kashata imechanjwa mistari midogo midogo, kama iliyopitishwa wembe. Niliyachagua mwenyewe. Hakuna aliyenishurutisha.

Nieleze kwanza kilichonifanya nitafute matairi.

Dada yangu Tatu anapoteza macho. Ana miaka themanini na tatu, anaishi Kiwangwa kwa binti yake, na ugonjwa wake ni presha ya macho. Nimegawa dawa katika hospitali za serikali kwa miaka thelathini na moja, Tabora, Songea na Njombe, kwa hiyo najua ugonjwa huo unavyokwenda. Unaanzia pembeni, unakaza taratibu, mpaka mtu anaitazama dunia kama anayechungulia kwenye bomba. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa inalinda kilichobaki, tena kwa muda.

Na dada ndiye mtu pekee aliye hai anayejua kaburi la mama yetu ni lipi.

Mama amezikwa Mkwajuni, kitongoji chetu cha zamani, mbele ya Miono. Siku hizi hakuna anayeishi pale. Tulihamishwa sote wakati wa kuanzishwa vijiji vipya, nyumba zikaachwa zikaanguka, yakabaki makaburi, kama kumi na tano pamoja. Mashahidi ya kaburi la mama, vile vijiti viwili vinavyosimamishwa kichwani na miguuni, yaliliwa na mchwa zamani. Mama alipofariki nilikuwa na miaka tisa, na watoto hatukupelekwa makaburini. Dada alikuwa mtu mzima. Baba alimpeleka siku ya tatu akamwonyesha. Tangu hapo alikuwa akienda kila Shaaban kufagia na kuinua udongo ulioshuka, mpaka magoti yalipomkatalia. Mimi sikuwahi kwenda naye hata mara moja. Nilikuwa mbali, kwanza shuleni, baadaye kazini nikihesabu vidonge.

Anachotaka ni kidogo. Kabla Ramadhani haijaingia nimfikishe pale, anionyeshe, tusimamishe mashahidi mapya ya saruji. Ramadhani iko siku kumi mbele. Baada yake ni masika, na njia ile hufunga mpaka Juni. Juni macho yake yatakuwa wapi, hilo naweza kukisia kwa kazi niliyofanya, na sitaki kukisia.

Basi ikabaki safari. Kutoka hapa mpaka Msata ni lami, unapitia Kiwangwa. Halafu unashika kidogo barabara kuu ya kwenda Tanga, pamoja na malori yanayotoka Chalinze, ambayo hayamsubiri mtu. Kisha unaacha lami, unaingia changarawe mpaka Miono. Kutoka Miono kwenda Mkwajuni ni njia ya mashamba: mchanga, mashimo, na bonde moja lenye udongo mweusi, ule ambao ukilowa unashika mguu kama ugali wa muhogo unavyoshika mwiko.

Gari langu limeinuka kidogo, lakini si la mashamba hasa. Matairi yake yalikuwa vipara. Nilihitaji yatakayokwenda salama kwenye lami, kwa kuwa sehemu kubwa ya safari ni lami, na dada akitikiswa sana kiuno kinamuuma. Wakati huohuo yasiwe ya kuogopa udongo. Mtu anaweza kudhani hilo ni jambo la nusu saa dukani.

Mimi lilinichukua miezi minne.

Nilisoma kila nilichokipata. Nilisoma habari za tairi la lami, laini na kimya, ambalo kwenye tope huteleza kama sabuni. Nilisoma habari za tairi la matope, lenye kashata kama matofali, ambalo kwenye lami huvuma kama mashine ya kusaga, na lami ikilowa breki zake si za kutegemea. Nilisoma habari za tairi la katikati, ambalo sikuona mtu yeyote akilisifu kwa moyo wote. Nilijifunza kusoma zile tarakimu nne zilizo ubavuni, ndani ya kiduara kirefu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka ambao tairi lilitengenezwa. Hizo zilinifurahisha kupita kiasi. Nilijiona nimerudi stoo ya dawa, naangalia tarehe za kwisha muda.

Jumamosi nikaenda Chalinze, kwa Maganga.

Maganga anauza matairi, mapya na mitumba, nyuma ya maegesho ya malori. Yeye Mnyamwezi, mimi Mkwere, kwa hiyo ni watani, tangu enzi ambazo babu zao walishuka pwani na mizigo kichwani. Kwa wasioujua utani huu: mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu, nawe huruhusiwi kununa, na siku ukifa yeye ndiye anayekuja kufanya vituko msibani mpaka wafiwa wacheke. Mimi na Maganga hatujawahi kuzungumza sentensi tatu zilizonyooka.

Alinipokea kama kawaida yake. "Shikamoo, mtani. Kumbe bado hujafa?"

Nikamwambia marahaba, nimechelewa kufa kwa sababu mchimbaji wa kaburi langu ni mvivu. Wenye malori wakacheka. Akanitolea matairi ya katikati, mapya, yaliyokaa kivulini ndani ya duka. Nikavaa miwani, nikainama, nikasoma tarakimu. Miaka minne. Nikamwambia haya yamekwisha muda. Akajibu kwamba tairi si kidonge, tairi lililokaa ndani miaka minne ni mwali ambaye bado hajatolewa nje, na Mkwere, mtu wa ngoma za mwali, anashindwaje kulijua hilo.

Pembeni nikayaona haya manne. Mitumba kutoka Japani, kashata zimejaa, na tarakimu zinasema miaka miwili tu. Ubavuni pana picha ndogo ya mlima wenye vilele vitatu, na ndani ya mlima kitu kama ua la pembe sita. Nikajiambia: mlima. Hili ni tairi la milimani. Litashindwaje na bonde la Mkwajuni?

Maganga akayatazama, akanitazama. Maneno yake nayakumbuka moja moja, kwa kuwa nimekuwa nikiyarudia kichwani tangu juzi.

"Hayo ni ya barafu, mtani. Subiri ukishakufa, nikufungie uende nayo huko kwenye baridi."

Wenye malori wakacheka tena, nikacheka nao. Nikamwambia mtu ambaye babu yake alikuja kwa miguu kutoka Tabora hana la kumfundisha mwenzake kuhusu gurudumu. Akainua mikono juu. Akayafunga.

Alikuwa ananiambia kweli.

Sasa nimekwisha kusoma. Mlima ule ni alama ya theluji, na lile ua ni chembe ya theluji. Mpira wake umetengenezwa uwe laini katika baridi ya kugandisha maji barabarani. Kwenye lami ya pwani mwezi Februari unalegea na kulika. Mistari ile midogo imekusudiwa kung'ata barafu. Miezi minne ya kusoma, na ukurasa huo sikuufungua, maana nani akiwa Bagamoyo atasoma habari za theluji? Aliyenieleza alinieleza kwa mdomo wa utani, nami nikachukua kicheko nikaliacha neno. Angekuwa mtu mwingine yeyote ameniambia hayo ni ya barafu, ningemuuliza mara ya pili.

Jumatatu alasiri ilinyesha mvua isiyo ya msimu wake. Jumanne asubuhi tukaondoka.

Nilimkuta dada amekaa kibarazani tayari, amevaa baibui lake jipya, mkononi kifurushi cha ubani na chupa ya marashi ya waridi. Mashahidi ya saruji nilikuwa nayo nyuma ya gari, nimeyafunga kwa blanketi yasigongane. Kwenye lami usukani ulikuwa ukijibu kwa kuchelewa, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Lori la kwanza lilipotupita gari zima liliyumba, na dada akashika mlango kwa mikono miwili. Nikapunguza mwendo mpaka wa aibu. Nyuma yetu walitupigia honi mpaka tulipoacha lami. Kwenye changarawe mambo yakatulia, tukapita Miono salama, na nikaanza kujisifu kimoyomoyo.

Bondeni tulidumu dakika tano. Tope jeusi lilijaza ile mistari midogo, kisha likajaza nafasi kati ya kashata na kashata, na matairi yakawa maandazi manne meusi yanayozunguka palepale. Nilipunguza upepo kama nilivyosoma. Nilikata matawi nikatandika. Gari likakaa kitako kwenye tope.

Wanawake watatu waliokuwa wanatoka kupalilia mihogo walikuja kutusukuma. Waliongea Kikwere, nami nikawajibu kwa Kikwere, lakini changu kimeota kutu. Wakatazamana, wakatabasamu, wakaendelea nami kwa Kiswahili kama wanavyofanya kwa mgeni. Hilo liliniuma kuliko tope.

Kisha likaja guta. Guta la injini, la magurudumu matatu, hilo wanalobebea mananasi. Lilipita pembeni ya njia, juu ya majani, polepole, na mimi nikaangalia matairi yake kwa sababu siku hizi siwezi kuangalia kitu kingine. Vipara. Yote matatu. Mwenye guta, mtu wa makamo, alisimama, akamwamkia dada, akaniuliza tunakwenda wapi. Nilipomjibu akasema Mkwajuni ni njia yake, na viroba alivyopakia vya pumba vingemfaa bibi kwa kukalia.

"Mpandishe tu, mzee. Robo saa namfikisha. Nawe kuna nafasi hapa ubavuni."

Nikamwambia asante, tunatoka sasa hivi.

Nimekaa na sentensi hiyo siku mbili. Hatukutoka sasa hivi. Tulitoka saa tisa alasiri, kwa kuvutwa kinyumenyume kwa kamba na watu wa mashambani, tukarudishwa changaraweni tulikotoka, na wakati huo dada hakuwa na nguvu tena za kwenda popote. Kulikuwa na robo saa ya safari mbele yetu. Angekuwa amefika kabla ya adhuhuri.

Njia nzima ya kurudi dada alipakata kifurushi chake cha ubani. Mimi ndiye niliyesema: udongo, mvua, matairi, mvua tena. Tulipofika Kiwangwa nikamshika mkono ashuke. Akasimama kwanza, uso kaugeuzia upande niliko, si sawasawa na niliposimama.

"Salumu, mimi sikukuuliza tunakwenda na nini."

Akaingia ndani na ubani wake.

Leo asubuhi nimekwenda Chalinze kugombana. Njiani nilipanga maneno, na yalikuwa maneno mazuri. Maganga aliona matope yaliyokaukia mpaka milangoni, akauona uso wangu, na akafanya jambo ambalo hajawahi kunifanyia. Hakunitania. Aliuliza nilikuwa na nani ndani ya gari. Nikamwambia dada yangu, na nikamwambia nilikuwa nampeleka wapi. Aliinama akazitazama kashata zilizojaa tope. Kisha akasema, kwa sauti ya watu wasiojuana, kwamba angejua ni safari ya makaburini angeniambia bila utani.

Maneno yangu mazuri yakaniishia papo hapo.

Jumamosi tulikuwa na saa nzima ya kutukanana, na sikutenga dakika moja ya kumwambia nakwenda wapi. Nilimsomea tarakimu. Nilimweleza habari za upepo na za kashata, yeye aliyefanya kazi hii maisha yake yote. Kuhusu mama, kimya.

Ameyafungua mwenyewe. Amenifungia yale ya katikati, ya miaka minne, na amepima upepo mara mbili. Haya ya barafu nimerudi nayo kwa sababu sikutaka yakae dukani yamsubiri mjuaji mwingine kama mimi. Kutoka Chalinze mpaka hapa gari limenyooka barabarani kama linavyotakiwa, usukani unajibu unapoulizwa. Nilitarajia kufurahi. Sikufurahi.

Sasa niseme nililokuwa nikilikwepa tangu juzi.

Sikulikataa guta kwa kuhofia usalama wa dada. Siku tulipohamishwa Mkwajuni nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nimekuja likizo kutoka masomoni. Lori lilifika asubuhi. Tulipakiwa pamoja na vinu, vitanda vya kamba na kuku waliofungwa miguu, na mimi nikakaa juu ya godoro la sufi nikitazama nyuma. Wazee walikuwa wanalia. Mimi nilikuwa naona haya, haya tupu, kwa vile tulivyoonekana tumekaa juu ya mizigo kama sehemu ya mizigo. Nikajiapiza kwamba nikirudi pale nitarudi nimeshika usukani wangu. Sitabebwa tena.

Hakuna aliyenitaka kiapo. Nilikuwa nacho Tabora, nikawa nacho Songea na Njombe. Nilipostaafu na kurudi pwani nilisema sina gari. Nilipopata gari nikasema matairi. Miezi minne nimechagua matairi, na katika miezi hiyohiyo minne dada amekuwa akipoteza macho. Kati ya ndugu zake wote na majirani zake wote, aliyejua mwendo wa ugonjwa ule kwa kuusomea ni mimi.

Hasira ya leo, karibu yote, ni ya hapo. Kidogo iliyobaki namwachia yule kuku.

Alasiri nimempigia simu dada. Nimemwambia gari lina matairi mengine na litatufikisha Miono bila wasiwasi. Kesho baada ya sala ya Ijumaa nitampitia, tutalala Miono kwa jamaa zetu, na kutoka pale gari tutaliacha uani kwao. Tutakwenda na guta. Jamaa wamemtafuta yule yule bwana, amekubali, ameahidi kutandika godoro. Mashahidi tutayaweka humo humo, miguuni petu. Nilikuwa najiandaa dada aniseme kwa ajili ya Jumanne, na pengine nilitaka aniseme. Aliuliza tu Miono tutaondoka saa ngapi.

Nikamwambia saa mbili, tukishakunywa chai, mwanga uwe mwingi aone vizuri.

Akakataa. Akanieleza taratibu, kama anayemwelekeza mtu njia, kwamba mwanga mwingi haumsaidii. Jua likishapanda, ardhi yote kwake inakuwa weupe mmoja. Anataka tuswali alfajiri na kuondoka, tuwe tumeshafika jua linapochomoza.

"Jua likiwa chini kila kaburi lina kivuli chake," akasema. "Vivuli bado naviona. La mama ni fupi kuliko yote pale. Hukumbuki? Alikuwa mfupi sana mama."

Nilikuwa na miaka tisa. Mimi namkumbuka mrefu.